Biti Haikungoji: Historia ya Mwimbaji Anayepanda Jukwaani Bila Bendi

Simu huwa inaanza hivi: "Tunataka uje utuimbie kwenye harusi, ila njoo peke yako. Bajeti ya bendi hatuna." Unakubali, kwa sababu ada ya chuo haina subira. Siku ikifika unabeba laptopu, waya na maiki. Mpiga dramu, mpiga besi na mpiga kinanda wanabaki nyumbani kwao.

Mara yangu ya kwanza kwenda hivyo, nilichagua biti ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Ilikuwa biti nzuri kweli, imejaa vinanda na kwaya, dakika 4 kamili. Tatizo ni kwamba bibi harusi hakutembea kwa dakika 4. Shela ilinasa mlangoni, mpambe akainama kuinasua, akina mama wakapiga vigelegele, msafara ukasimama. Biti ikaendelea. Ikafika kiitikio cha mwisho, ikaisha, na bibi harusi alikuwa hajafika hata katikati ya ukumbi. Akamalizia safari yake kwa mlio wa feni.

Bendi isingefanya hivyo. Mpiga kinanda angeona mlango umekwama, angerudia kiitikio mara 3 bila kuambiwa na mtu. Laptopu haina macho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kitu hiki tunachokiita biti. Hapa nina maana ya muziki wowote uliorekodiwa au kupangwa kabla, ambao mwimbaji au mpiga ala mmoja anautumia jukwaani badala ya bendi. Nilidhani nitakuta hadithi ya mashine. Nilichokuta ni mabishano ya zaidi ya miaka 80 juu ya swali moja: kwenye rekodi tuweke nini, na tumwachie nini mtu aliye hai? Ukilielewa swali hilo, kuchagua biti kunakuwa rahisi zaidi. Twende taratibu.

Waliogoma kurekodi

Tarehe 1 Agosti 1942, wanamuziki wa Marekani waliacha kurekodi. Chama chao, American Federation of Musicians, chini ya kiongozi wake James Petrillo, kiliwazuia wanachama kuingia studio kwa ajili ya makampuni ya santuri. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Mpiga tarumbeta anarekodi mara moja na kulipwa mara moja. Baada ya hapo santuri yake inapigwa redioni na kwenye mashine za baa miaka nenda miaka rudi, na kila inapopigwa kuna mwanamuziki mwingine ambaye hakuitwa kazini. Kwa maneno mengine, walikuwa wanatengeneza kitu cha kuwanyang'anya kazi wao wenyewe.

Kampuni ya Decca ilikubali masharti mwaka 1943. RCA Victor na Columbia zilivumilia hadi Novemba 1944. Mwisho wake makampuni yalikubali kuchangia mfuko wa chama kutokana na mauzo ya rekodi, na fedha za mfuko huo zikaja kulipia maonyesho ya bure ya wanamuziki hai.

Ila kuna kitu kidogo ndani ya mgomo huu kinachonifurahisha sana. Waimbaji hawakuwa wanachama wa chama hicho. Kwa hiyo mwaka 1943 Frank Sinatra alirekodi nyimbo bila ala hata moja, akisindikizwa na kundi la waimbaji tu waliokuwa wanafanya kazi ya okestra kwa midomo yao. Usindikizaji si lazima uwe mzito. Unachotakiwa kufanya ni kumbeba mwimbaji.

Santuri yenye pengo

Mwaka 1950, kijana wa New York aitwaye Irv Kratka alianzisha kampuni aliyoiita Music Minus One, yaani muziki kasoro mmoja. Alianza na kazi ya Schubert inayojulikana kama Trout, iliyoandikwa kwa ala 5. Kila santuri ilikuwa na ala 4 tu. Ya tano haikuwepo. Kama wewe ni mpiga fidla, ulinunua santuri isiyo na fidla, ukakaa sebuleni kwako na kupiga sehemu iliyobaki wazi.

Angalia ujanja uliopo hapo. Kampuni nyingine zilikuwa zinauza muziki uliokamilika. Kratka aliuza pengo. Ala ile ikirudishwa, santuri inakuwa kama nyingine yoyote na wewe huna kazi tena.

Wakati huohuo mpiga gitaa Les Paul na mkewe Mary Ford walikuwa wanakwenda upande wa pili, wanajaza. Les Paul alirekodi gitaa juu ya gitaa na sauti juu ya sauti. Wimbo wao "How High the Moon" wa mwaka 1951 una tabaka nyingi za watu wawili tu. Ila ukienda jukwaani, utazipata wapi tabaka hizo? Alitengeneza kisanduku cha kuendeshea mashine ya kanda kutoka kwenye gitaa lake, na mashine yenyewe ikawa nyuma ya jukwaa. Tukiuliza nani alianza kubeba laptopu kwenda ukumbini, yeye yumo kwenye orodha, hata kama laptopu yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa.

Kosa la fundi wa Jamaika

Hadithi ninayoipenda kuliko zote inatoka Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko kulikuwa na utamaduni wa disko za mitaani zenye spika kubwa, na kila mwenye disko alitaka santuri ambayo mwenzake hana. Ruddy Redwood, mwenye disko katika mji wa Spanish Town, alikwenda kukatiwa nakala ya wimbo wa kundi la The Paragons, "On the Beach". Fundi aliyekuwa anaikata alisahau kuingiza sauti za waimbaji. Ikatoka santuri ya ala tupu.

Redwood aliipeleka hivyohivyo kwenye dansi. Akapiga kwanza ile yenye sauti, kisha akapiga ile isiyo na sauti. Watu wakaimba wenyewe. Ukumbi mzima ukageuka kuwa mwimbaji.

Muda si mrefu nyimbo za Jamaika zikawa zinatoka na upande wa pili usio na sauti, na wenye kushika maiki wakapata mahali pa kuongea. U-Roy aliongea juu ya nyimbo za wenzake na mwaka 1970 sauti yake ikatamba kisiwa kizima. Fundi King Tubby naye akaanza kuitumia miksa kama ala, akitoa besi hapa na kurudisha dramu pale. Mti mzima wa muziki wa kuongea juu ya biti, ukiwemo ule unaousikia mtaani kwako leo, una mzizi mmoja mkubwa kwenye pengo lile lililotokana na kosa.

Meneja aliyeshindwa kufuata mwendo

Sasa ruka bahari hadi Kobe, Japani. Inoue Daisuke alikuwa mwanamuziki wa vilabu aliyewasindikiza wateja wanaopenda kuimba. Sifa yake haikuwa ufundi wa vidole. Alijua kumfuata mteja: akichelewa, naye anachelewa; sauti ikimshinda, anashusha. Mteja mmoja, mkuu wa kampuni ndogo, alimwomba aende naye safarini ili amsindikize. Inoue hakuweza, akamrekodia kanda, akiipunguza mwendo kwa kiwango anachojua kitamfaa bwana yule.

Kutokana na kanda hiyo, mwaka 1971 alitengeneza mashine aliyoiita 8 Juke: maiki, amplifaya, kicheza kanda cha gari na tundu la kutumbukiza sarafu ya yeni 100. Alitengeneza 11 za kuanzia na kuzikodisha kwenye baa. Hakuiwekea hataza. Ufilipino, Roberto del Rosario ndiye aliyepata hataza za mfumo wake wa kuimba na muziki miaka ya 1980. Neno lenyewe karaoke linaunganisha "kara", tupu, na kifupi cha okestra. Okestra tupu. Mwaka 2004 Inoue alipewa tuzo ya utani ya Ig Nobel, upande wa amani, kwa kuwafundisha binadamu kuvumiliana.

Mimi najifunza jambo moja kwake. Mashine ile haikuanza na swali la wimbo gani ni mzuri. Ilianza na mtu mmoja anayejulikana, sauti yake inaishia wapi na mwendo gani unamshinda.

Fizikia ya "nishushie kidogo"

Hapa tuingie kwenye sayansi kidogo. Ukimwambia mpiga gitaa "nishushie kii kidogo", anahamisha vidole na wimbo unabaki na mwendo uleule. Kanda haiwezi. Sauti kwenye kanda ni mawimbi yaliyolazwa kwenye utepe. Ukiuzungusha utepe taratibu, mawimbi yanapita machache zaidi kwa sekunde, kwa hiyo sauti inashuka. Lakini wimbo nao unakuwa mrefu, maana utepe ni uleule na unakwenda pole.

Kiasi gani? Oktavu ni mara 2 ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, na imegawanywa katika nusu toni 12 zilizo sawa. Kila nusu toni ni kuzidisha kwa takriban 1.0595, karibu asilimia 6. Kwa hiyo ukishusha kanda kwa nusu toni moja tu, wimbo wa sekunde 240 unakuwa wa sekunde 254 hivi. Ukishusha toni 2 nzima, unafika sekunde 302. Wimbo wa kucheza umekuwa wa kulalia.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Bell Labs, Flanagan na Golden, walieleza njia ya kuigawa sauti katika vipande vyembamba vya masafa na kuijenga upya, hivyo urefu na kimo vikaweza kubadilishwa kila kimoja kivyake. Ilichukua miaka mingi kompyuta kuwa za bei rahisi kiasi cha kuifanya kazi hiyo mbele ya watu. Leo hata simu yako inaweza. Ila si bure: ukiivuta biti sana, milio ya ghafla kama dramu inaanza kupoteza ncha, inasikika kama imepigwa kwenye maji. Sikio la msikilizaji halijui hesabu, lakini linajua kuna kitu hakiko sawa.

Njia nyingine ilikuja mwaka 1983, pale vinanda vya makampuni mawili tofauti, Sequential na Roland, vilipounganishwa hadharani kwa lugha mpya iitwayo MIDI. MIDI haibebi sauti. Inabeba maelekezo: bonyeza nota hii, kwa nguvu hii, sasa hivi. Ni kama kumtumia mtu mapishi badala ya chakula. Ndiyo maana biti ya MIDI unaweza kuishusha kii au kuiongeza mwendo bila kuiumiza: chakula bado hakijapikwa.

Hofu ya zamani haikuwa ya kijinga

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1982, tawi la London la chama cha wanamuziki Uingereza lilipitisha pendekezo la kupiga marufuku sintesaiza na mashine za dramu. Kilichowachoma ni ziara ya Barry Manilow iliyotumia sintesaiza mahali ambapo zamani ingeketi okestra. Chama kizima hakikulifanya kuwa sera, na leo watu huwacheka. Mimi siwacheki. Ile simu ya "njoo peke yako" ndiyo waliyokuwa wanaiona inakuja.

Ukitaka kuona mpaka kati ya rekodi na mtu hai ukisogea hatua kwa hatua, tazama kanuni za shindano la Eurovision. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 okestra ilipiga hai. Kuanzia 1973 biti iliruhusiwa, ila kwa sharti kwamba ala zinazosikika kwenye kanda zionekane jukwaani. Mwaka 1997 sharti hilo likaondolewa. Mwaka 1999 okestra haikuwa lazima tena, na ikatoweka. Mwaka 2021, wakati wa korona, hata sauti za waitikiaji ziliruhusiwa kurekodiwa. Kilichobaki hai kwa lazima ni sauti kuu. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, gharama au usafiri au afya. Lakini ukizijumlisha, jukwaa zima limehamia kwenye faili.

Kwetu

Sisi hatukuwa watazamaji. Mwaka 1991 Dar es Salaam, Saleh Jabir alishinda shindano la Yo Rap Bonanza kwa kurap Kiswahili juu ya muziki wa "Ice Ice Baby". Hakuwa na bendi wala studio ya kumtengenezea biti, alikuwa na muziki wa Wamarekani na maneno yake. Na muziki huo wenyewe ulikuwa umesimama juu ya besi ya "Under Pressure" ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981. Pengo la mwingine likawa mlango wetu. Vijana waliofuata wangesubiri fedha za kununua dramu na magitaa, huenda tungekuwa bado tunasubiri.

Zanzibar hali ilikuwa tofauti kidogo. Taarabu ya vikundi vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa na fidla, kanuni, udi, akodioni, watu wengi jukwaani. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, kwa vikundi kama East African Melody, ilipunguza watu na kuweka vinanda vya umeme. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu mpiga fidla anajifunza miaka mingi na kitufe hakijifunzi chochote.

Ila fikiria kutunza. Shabiki anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu kuelekea jukwaani, na nyuma yake wako wengine. Mpiga kinanda akiwepo, mdundo unazunguka hadi mtu wa mwisho arudi kwenye kiti chake. Mashine inapiga, lakini kuna mtu anayeangalia foleni. Sasa weka biti iliyofungwa ya dakika 5: itaisha noti zikiwa bado hewani.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu la harusini. Mashine yenyewe haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuiambia "zunguka tena".

Na kuna hatua moja mbele zaidi ambayo sote tumeiona: pleibeki. Wimbo unapigwa mzima, pamoja na sauti ya mwimbaji, na yeye anarukaruka na kunyoosha maiki kwa mashabiki. Mwaka 1990 kundi la Milli Vanilli lilinyang'anywa tuzo ya Grammy baada ya kujulikana kwamba sauti kwenye rekodi si zao. Pleibeki ya kawaida haifiki huko, sauti ni yake kweli. Lakini pengo limezibwa lote, na msikilizaji aliyelipa kiingilio amelipia kusikiliza kile alicho nacho kwenye simu.

Sasa uchague nini?

Kama na wewe unapanda jukwaani peke yako, haya ndiyo maswali ninayojiuliza siku hizi kabla ya kuweka biti kwenye orodha.

Je, ina pengo la kutosha? Kama unapiga gitaa, toa gitaa kwenye biti. Ondoa sauti ya pili inayoimba vilevile kama wewe. Ukiizima biti na hakuna anayegundua kwamba wewe bado unapiga, imekubeba kupita kiasi.

Je, ni ya sauti yako? Usichukue kii ya msanii aliyeurekodi wimbo. Jaribu noti ya juu kabisa ukiwa umechoka, saa 5 usiku, siyo asubuhi bafuni. Ukihitaji kushusha zaidi ya toni moja, afadhali itengenezwe upya au utafute ya MIDI.

Je, inaweza kungoja? Ikate vipande: mwanzo, ubeti, kiitikio, mwisho. Programu kama Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, zilitengenezwa kwa kazi hiyo, lakini hata bila hiyo unaweza kuandaa kiitikio kinachozunguka na mwisho wa peke yake. Weka kitufe karibu na mguu au mkono. Wewe ndiye macho ya laptopu.

Na la mwisho, nani angekuwa hapa? Hili ni swali la Petrillo, na halina jibu la kiufundi. Kamati ikiniambia "njoo peke yako", sasa nauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Mara nyingi jibu ni hapana. Mara nyingine wanasema sawa, ila malipo ni yaleyale. Nikiweza, nagawana na mpiga ngoma wangu na kutoa ngoma zote kwenye biti. Ninarudi nyumbani na nusu ya fedha.

Harusi ya mwezi uliopita bibi harusi alisimama mlangoni kumkumbatia bibi yake, wakalia wote wawili, muda mrefu. Mpiga ngoma alinitazama, akashusha mkono. Nikakanyaga kitufe, kiitikio kikazunguka. Tukawasubiri.